Maneno ya Kando: Mashabiki wa Kandanda wa Lubumbashi na Historia ya Mji Wao

Aliyezoea kukaa na wapenzi wa kandanda wa Lubumbashi anajua jambo moja ambalo wageni hulistaajabia: watu hawa, wakutanikapo kwa ajili ya mpira, huzungumza mpira kwa muda mfupi tu. Huanza na mchezo wa Jumapili, humlaumu mlinda mlango, hubishana juu ya mwamuzi, kisha maneno hugeuka yenyewe. Itaingia bei ya unga wa bukari, mshahara uliochelewa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa deni la ada ya shule, msiba wa jirani, nyumba iliyouzwa na warithi wasiopatana. Saa mbili hupita, na anayefika kwa kuchelewa hawezi kukisia kwamba watu hawa waliitana kwa sababu ya timu.

Makala haya yahusu maneno hayo ya kando. Twakusudia kuonyesha ya kwamba si takataka za mazungumzo, bali ni mahali ambapo wakazi wa mji huu wamehifadhi sehemu ya historia yao ambayo hawakupata nafasi ya kuiweka mahali pengine. Tunajua kwamba baadhi ya wenzetu wataguna. Historia ya kandanda, kwa desturi, ni orodha ya vikombe na mabao, na anayetaka orodha hiyo ataipata bila taabu. Lakini orodha hiyo haisemi kwa nini mzee aliyeacha kwenda uwanjani miaka ishirini iliyopita bado huketi kila Jumapili jioni mahali pale pale, pamoja na watu wale wale.

Tukumbuke kwanza mji wenyewe. Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika penye shaba. Waliokuja kufanya kazi katika Union Minière, katika reli na katika nyumba za Wazungu walitoka pande nyingi: Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda, Maniema, na vijiji vya Katanga yenyewe. Walipangwa katika kampi za kampuni na katika mtaa wa Waafrika ulioitwa Albert, ambao leo ni komini ya Kamalondo. Baadaye zikaongezeka Kenya, Katuba na Ruashi. (Msomaji wa mbali asidanganyike: Kenya tunayoitaja hapa ni komini ya Lubumbashi, wala si nchi ile ya mashariki.) Watu hawa hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, si Kiswahili cha vitabu, bali kile kilichojengwa kazini, sokoni na uani, ambacho mpaka leo husema mupira mahali ambapo sarufi yataka mpira.

Vilabu viwili vikubwa vya mji vilizaliwa mwaka mmoja, 1939. Cha kwanza kilianzishwa na mapadri Wabenedikti, kikabadili majina zaidi ya mara moja, kikachukua lile la Englebert, ambalo lilikuwa jina la matairi ya magari, na hatimaye kikawa Tout Puissant Mazembe. Cha pili ni Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, iliyowekwa chini ya mtakatifu anayelinda wafua vyuma. Mapadri na wakubwa wa kampuni walikuwa na nia yao. Mfanyakazi asiye na shughuli Jumapili aliwatia hofu. Waliona heri acheze, au atazame wanaocheza, kuliko kunywa na kufanya mashauri. Ndiyo maana kandanda ilipewa viwanja, viatu na vikombe.

Hapo ndipo jambo la kushangaza linapoanza. Katika mji ambamo Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku katika mitaa ya Wazungu, na ambamo mkutano wowote uliangaliwa kwa jicho la polisi, kandanda iliwapa watu sababu halali ya kukusanyika. Kundi la watu ishirini chini ya mwembe lilikuwa kundi la kushukiwa. Kundi lile lile likisema kwamba linasubiri mchezo lilikuwa kundi la wapenzi wa mpira. Je, walisema nini walipokuwa wakisubiri? Hakuna karani aliyeandika. Lakini twajua kilichotokea mwezi wa Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, kwa kuwa vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu huku kazi ikizidi. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Ni hapo, tarehe 9 Desemba, mbele ya gavana Maron, walipopigwa risasi na askari. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wao. Hatudai kwamba mgomo ule ulizaliwa katika mazungumzo ya mashabiki. Hilo halina ushahidi. Twasema tu kwamba watu walipohitaji mahali pa kusimama pamoja wote, miguu yao ilikuwa imekwisha kujua njia ya uwanjani.

Kuna kitabu kimoja ambacho hatuwezi kukipita tunapozungumzia historia ya namna hii. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji habari za Elisabethville, kwa niaba ya waliokuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Maandishi hayo yalichapishwa na Johannes Fabian na wenzake mwaka 1990, na wengi wetu tumeyasoma tukitafuta ndani yake tarehe na majina. Anayeyasoma kwa sauti atagundua jambo jingine: hayafuati mstari. Mwandishi huacha habari moja, akaingia nyingine, akarudi, kama mtu aliyeketi na wenzake. Wasomi wengine waliona hapo upungufu wa elimu. Sisi twaona desturi ya kusimulia, na desturi hiyo hiyo ndiyo tuikutayo kwenye viti vya mashabiki.

Tuchukue mfano wa mwaka 1967, maana ndio mwaka ambao kila mpenzi wa Mazembe mwenye umri mkubwa hupenda kuulizwa. Englebert walifika fainali ya kombe la vilabu vya Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Walitoka sare 1-1 Kumasi, wakatoka sare tena 2-2 Kinshasa; ukapangwa mchezo wa tatu, Kotoko hawakutokea, na kombe likaja kwetu. Mwaka 1968 wakalichukua tena mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Habari yote ya uwanjani humalizika hivyo, kwa dakika tano, hata kwa msimulizi hodari.

Lakini mwulize mzee huyo huyo mwaka ule ulikuwaje. Atakwambia kwamba mji ulikuwa umevuliwa jina lake la Kizungu mwaka uliotangulia, na kwamba barua nyingi bado ziliandikwa Elisabethville. Atakwambia kwamba mwezi wa Januari Union Minière ilikuwa imegeuka mali ya serikali, wakubwa wapya wakaja, na kwa muda hakuna aliyejua nani atalipa. Atakwambia kwamba mwezi wa Juni fedha ilibadilishwa, faranga elfu moja zikawa zaïre moja, na hapo atasimama kwa kitambo akihesabu vidole, maana hesabu ile iliwatesa watu sokoni. Atakwambia habari za mamluki walioasi mwezi wa Julai na kushika Bukavu mpaka Novemba, na jinsi mtu mwenye ndugu huko alivyosikiliza redio. Hakuna hata moja kati ya habari hizo iliyo ya mpira. Hata hivyo zote zimefungwa kwenye kombe kama mizigo kwenye baiskeli. Kombe ni kamba; ukiikata, mizigo hutawanyika. Tumejaribu kuwauliza wazee wa namna hii moja kwa moja juu ya kubadilishwa kwa fedha, bila kupitia kandanda, nasi tulipata majibu makavu, ya mtu anayejibu ofisini.

Kuna pia suala la namna watu wanavyoitana. Katika viti hivi hakuna bwana mkuu wala kibarua. Aliye mkubwa kwa umri ni baba au yaya, na mshabiki wa timu ya pili huitwa shemeji, kwa utani, kama kwamba tulimwoza dada yetu naye hajamaliza mahari. Utani huo kati ya Mazembe na Lupopo wafanana na ule wa Simba na Yanga wa Dar es Salaam, ambao Watanzania huwaita watani wa jadi. Hutoa ruhusa ya kusema makali bila kuvunja urafiki. Mtu akitaka kumwambia mwenzake kwamba anamlewea mkewe mshahara, humwambia kwanza kwamba timu yake haina mabeki.

Nao akina mama wauzao karanga na munkoyo kando ya uwanja wa Kenya, ambao sasa una jina la Kibassa Maliba, husikia yote. Wao ndio wajuao nani amekopa, nani amefiwa na bado hajasema. Kosa letu sisi watafiti limekuwa kuwapita tukielekea kwa wanaume wenye skafu.

Tunafika sasa mahali pagumu. Mwaka 1990 Lupopo walikuwa mabingwa wa nchi. Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi waliuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na hesabu ya waliokufa ina ubishi mpaka leo. Mwezi wa Septemba mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, iliyotoa karibu tani 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980, ikashuka mpaka kiasi cha tani 50,000 mwaka 1993. Mshahara ukawa jina tu. Halafu, kuanzia 1992, wakaaji wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu waliondoka. Familia nzima zililala kwa majuma na miezi kwenye stesheni zikingoja treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, na baba zao pia. Lubumbashi haukupatwa kwa kiasi kile kile, lakini hofu iliingia kila uani.

Mtu angetazamia kwamba viti vya mashabiki, ambavyo tumevisifu hapo juu, vingelikuwa ngome dhidi ya chuki hiyo. Tungependa kuandika hivyo. Ukweli ni kwamba tukiwauliza wasimulizi wetu juu ya miaka hiyo, jambo lisilo la kawaida hutokea: wanazungumza mpira. Mtu ambaye kwa habari za 1967 alihitaji dakika tano tu za kandanda, kwa miaka hii hutuhesabia mchezo baada ya mchezo, nani aliingia kama badala, nani aliumia goti. Hatoki nje ya mistari ya chokaa. Mwanzoni tulidhani kwamba kumbukumbu yao ilikuwa nzuri zaidi kwa kuwa ni habari za karibu. Baadaye tulielewa kwamba mpira, ambao siku zote ulikuwa mlango wa kuingilia, hapo umekuwa ukuta.

Tena ukuta huo una nyufa. Mfanyakazi mmoja wa zamani wa reli, mpenzi wa Lupopo tangu utoto, alitusimulia kikosi chote cha timu yake, kisha akataja, bila kuulizwa, kwamba kiti cha pembeni kilikuwa cha jirani ambaye hakurudi. Akaendelea na mabao. Tukumbuke kwamba treni zilizowachukua waliofukuzwa kuwapeleka Kasai zilikuwa za kampuni ya reli, na kwamba Lupopo ni timu ya watu wa reli. Hatukumwuliza kama alikuwa kazini siku zile. Huenda tulikosea kutomwuliza. Huenda tungekosea zaidi kumwuliza.

Juu ya miaka ya karibu tutasema machache. Mazembe walichukua tena ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 walifika fainali ya dunia ya vilabu huko Abu Dhabi, wakashindwa na Inter 3-0. Na mwaka 2011 walifungua uwanja wao wenyewe Kamalondo. Rais wa klabu, Moïse Katumbi, alikuwa pia gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015, mwaka ambao jimbo liligawanywa. Kwa hiyo katika miaka hiyo ilikuwa vigumu kujua ni wapi maneno ya mpira yalipoishia na ya siasa yalipoanzia. Hilo lastahili makala yake.

Kinachotuhusu hapa ni kazi ya kurekodi. Wale waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1967 wanazidi kupungua. Watafiti vijana huwaendea na orodha ya maswali juu ya michezo, hufungua kinasa sauti mzee anapoanza kusimulia bao, nao hukifunga anapoanza kulalamikia bei ya makala. Sisi wenyewe tulifanya hivyo katika mahojiano yetu ya kwanza. Tunazo kanda kadhaa ambazo sauti hukatika penye maneno kama «lakini hiyo siku, nyumbani…», halafu kimya, halafu swali letu linalofuata, juu ya kipindi cha pili.