Amri ya Matuta katika Milima ya Uluguru

Mwezi wa Julai mwaka 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, umati wa watu ambao tangu utoto wao hawakujua riziki nyingine ila ya jembe ulikusanyika kukataa kuchimba. Tafrani ikazuka, askari wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango mkubwa wa serikali ya Mwingereza, ulioanza mwaka 1950 kwa madhumuni ya kuuokoa udongo wa milima hiyo, ukavunjika. Habari hii aghalabu husimuliwa kuwa ni sura ya siasa, na siasa imo kwa hakika, maana chama cha TANU kilikuwa kimetimiza mwaka mmoja tu. Walakini mimi naiona kwanza kuwa ni sura ya elimu ya kilimo, na ya jinsi wenye elimu walivyotangulia kuamuru kabla ya kuuliza.

Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mababu zao walipanda milimani kwa makundi kutoka nchi mbalimbali, na kila ukoo ukashika bonde lake na miteremko yake. Mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa ardhi, ndiye aliyekumbuka mipaka, na mgeni aliyetaka kulima alikuwa sharti aombe kwake na kutoa ada ndogo ya kukiri kwamba ardhi si yake. Huko Kinole alikaa Kingalu, ambaye sifa yake ya kuleta mvua ilivuka mabonde mengi, ila heshima hiyo haikumpa amri juu ya mashamba ya koo nyingine. Nchi ya namna hii haina mlango mmoja wa kubisha hodi: mtawala aliyedhani kwamba akisema na sultani amesema na Waluguru wote alikuwa amekwisha potea njia.

Wadachi ndio waliotangulia kupiga mstari milimani. Mwaka 1909 waliuweka msitu wa juu katika hifadhi, kwa hoja ambayo hata leo ni vigumu kuibatilisha, kwamba mito huzaliwa msituni. Kwani kutoka Uluguru hutiririka maji ya mto Ruvu, ambayo baadaye yakawa ndiyo maji ya kunywa ya Dar es Salaam. Lakini kila mpaka wa msitu ni mpaka wa shamba pia. Watu walipozidi kuongezeka chini ya mstari ule, muda wa kulipumzisha shamba ulifupika, na miteremko iliyokuwa ikiachwa irudie majani na vichaka ikalimwa tena kabla haijapata nguvu.

Waingereza walipoyatazama hayo walishikwa na hofu, na hofu yao haikuwa ya bure. Walikuwa wamesoma habari za Marekani, jinsi upepo ulivyopeperusha udongo wa mashamba ya ngano katika miaka ya 1930. Walikuwa wakiona mafuriko na tope katika mabonde ya chini. Basi ukatungwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru: kuchoma moto majani ya shambani kukatazwe, miteremko mikali na kingo za mito viachwe, na kila mlipa kodi achimbe matuta ya ngazi kwa kipimo alichowekewa. Wasimamizi wa kazi walikuwa wale wale majumbe na mabaraza ya wenyeji waliokusanya kodi, nao ndio waliomtoza faini mwenye kuasi.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana hatia ya mpango haikuwa katika nia yake. Tuta la ngazi huchimbwa kwa kukata mteremko na kuusukuma udongo uliokatwa mbele, hata pawe pa kusimama sawa. Penye udongo wa kina, kazi hiyo ni njema mno. Lakini sehemu nyingi za mashariki ya Uluguru rutuba yote ni ngozi nyembamba iliyotandwa juu ya udongo mkavu usio na chakula kwa mmea. Ukiikata ngozi hiyo na kuifukia, ukaacha ule wa chini ndio upokee mbegu, utavuna kidogo kuliko ulivyovuna kabla hujatoa jasho. Mkulima wa Matombo hakuhitaji maabara kuyajua hayo. Aliyaona msimu wa kwanza, akayaona tena wa pili, na bwana shamba akaja kumwambia aongeze matuta.

Fauka ya hayo kulikuwa na shaka ya ardhi yenyewe. Aliyeazimwa shamba aliogopa kulitengeneza kwa kazi ya kudumu, asije akadhaniwa ametaka kulimiliki. Na mwenye ardhi aliogopa vivyo hivyo kwa sababu iliyo kinyume. Juu ya yote ulivuma uvumi kwamba ardhi ikiisha kutengenezwa itachukuliwa na Wazungu, na nani angeuita uvumi huo upuuzi, ilhali mwaka 1951 Wameru wa kaskazini walikuwa wameondoshwa katika mashamba yao ili wapewe walowezi?

Sasa tuvuke mlima twende Mgeta, upande wa magharibi, kwenye baridi. Huko matuta yalikuwako kabla ya amri. Wamisionari wa Roho Mtakatifu na Wadachi walikuwa wameleta mbegu za mboga za kwao; kabeji na viazi vikastawi, na wakati wa vita vya pili vya dunia miji ilipotafuta mboga kwa shida, wenyeji wa Mgeta wakapata soko la fedha taslimu. Mtu mwenye soko na mfereji wa maji huchimba ngazi bila ya kuhimizwa, maana maji hayakai penye mteremko, na kila hatua ya ardhi aliyoisawazisha humlipa ijara yake mwaka ule ule. Milima ni ile ile, watu ni wale wale, na tuta ni lile lile. Kilichohitilafiana ni udongo, maji, na hesabu ya faida. Mambo hayo matatu yangeweza kuulizwa mwaka 1949 kwa gharama ndogo.

Maulizo yalikuja baadaye. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu chao juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa chache iliporomosha miteremko ya Mgeta mahali zaidi ya elfu moja, na wanachuoni wa Dar es Salaam na Uppsala wakapanda kupima: wakakuta kwamba karibu maporomoko yote yalitokea mashambani na penye majani, na msituni hayakuwa ila machache mno. Mjini Morogoro chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965 kilikua hata mwaka 1984 kikawa chuo kikuu, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo mwaka huo huo. Wataalamu wake ndio waliowapelekea watu wa Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, mnyama ambaye samadi yake hurudi kwenye bustani za mboga. Jambo hilo lilikubaliwa bila faini wala askari.

Hata matuta yamerudi mashariki. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha Kibungo na vijiji jirani utaratibu wa kuwalipa wakulima wanaochimba ngazi na kupanda miti, na baadhi ya fedha zikitoka kwa watumiaji wa maji walioko chini, likiwemo shirika la maji la Dar es Salaam. Mkulima wa Uluguru, ambaye babu yake alitozwa faini kwa kutochimba, sasa alilipwa kwa kuchimba. Ila kabla ya kumpongeza mtu, mimi ningependa kujua shilingi hizo zilipofika kijijini zilihesabiwa mkononi mwa nani: aliyeshika jembe, au ukoo wenye ardhi.