Kutoka Kambi ya Kazi hadi Garanti ya Dola: Kutafuta Nyumba Lubumbashi

Nyuma ya nyumba nyingi za zamani katikati ya Lubumbashi, mwisho kabisa wa kiwanja, kipo kijumba kinachotazama ukuta. Chumba kimoja, au viwili ikiwa ni bahati. Dirisha ni dogo na liko juu, choo kiko nje, na njia yake hupita pembeni ili mkaaji asikatize mbele ya baraza ya nyumba kubwa. Watu hukiita boyeri. Kilijengwa kwa ajili ya mpishi, boi au mtunza bustani wa Mzungu. Leo boyeri hiyohiyo imepakwa rangi, imeongezewa kibaraza na kufungwa mlango wa chuma, nayo hupangishwa kwa dola kwa mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo kikuu. Hupatikana kwa kugombewa. Anayetaka kuelewa kwa nini nyumba ya kupanga ni taabu katika jiji lenye viwanja vipana hivi, aanzie hapo: Lubumbashi ilichorwa na watu ambao hawakufikiria kamwe kwamba Mwafrika angekuja kuwa mwenyeji wake.

Reli kutoka kusini ilifika mwishoni mwa Septemba 1910. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeshaanzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru lake la shaba likaanza kazi kando ya mto Lubumbashi. Emile Wangermée, mkuu wa utawala wa Katanga, akaamuru mji uchorwe kwa barabara zilizonyooka zinazokatana, nao ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Elisabethville. Waafrika waliwekwa kusini. Mwanzoni mtaa wao ulikuwa karibu mno, kwa maoni ya watawala, na mapema miaka ya 1920 ukasogezwa hadi mahali palipoitwa Albert, ambapo leo ni Kamalondo. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa huo uliachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: mbu wa malaria, ilisemekana, asingeweza kuuvuka. Mwafrika pia alizuiwa kuuvuka usiku, isipokuwa awe na kibali mkononi. Aliyeruhusiwa kulala mjini ni yule tu aliyehitajika kuwasha jiko alfajiri, na ndiyo maana boyeri zilijengwa.

Waliolala humo walituachia maandishi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha mji wake historia ya Elisabethville. Kwa miaka mingi kijitabu hicho kilijulikana kwa wachache, mpaka mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokichapisha upya mwaka 1990 pamoja na maelezo yake. Vitabu vya kampuni na serikali kuhusu mji huu vinajaza rafu. Cha watu wa boyeri ni kimoja hicho, na kila mtoto wa shule Lubumbashi angestahili kukisoma.

Wengi, hata hivyo, hawakulala boyeri. Walilala kambini. Union Minière na shirika la reli la BCK walikuwa na kambi zao, na wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Maniema, hata Ruanda-Urundi. Miaka ya kwanza walikuja wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na magonjwa yaliwamaliza wengi. Tangu mwaka 1928 kampuni ikabadili sera yake. Mfanyakazi akapewa mkataba wa miaka mitatu, akahimizwa kuja na mke, akapewa nyumba, posho ya chakula, zahanati, na shule kwa watoto. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu hao wote, na ndicho watoto wao walichokulia nacho. Ukaja usemi kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Lakini baba huyo ndiye aliyeshika ufunguo. Nyumba ya kambi haikukodishwa wala kununuliwa, ilifuata mkataba. Mtu akiachishwa kazi, familia inafunga mizigo. Akifa, mjane anafunga mizigo. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulipopiga mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu walirudishwa makwao. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kambi, askari wakafyatua risasi, na makumi wakauawa. Waliogoma siku ile walihatarisha mshahara na pia paa lililofunika watoto wao. Ujasiri wa namna hiyo haujapewa heshima inayoustahili.

Na fundi cherehani je? Na mwashi, karani, mchuuzi, mwanamke aliyeuza pombe na maandazi? Hao hawakuwa na kambi. Serikali iliwatengea mji wao wenyewe, uliosimamiwa kama “kituo nje ya mila”, ulioundwa rasmi mwaka 1932 kwa kutumia dekreti ya Novemba 1931. Albert na Kenya zilikuwa ndani yake. Hapo ndipo kupanga kulikopata mizizi. Aliyegawiwa kiwanja alijenga vyumba viwili, akaongeza cha tatu, na ndugu aliyefika kwa treni akakaa humo kwa kulipa kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulifurika. Katuba ilifunguliwa katika miaka ya 1950, ambapo mkazi alikopeshwa vifaa na kujijengea chini ya mpango uliobeba jina la Ferdinand Grévisse, msimamizi wa kituo hicho. Ruashi nayo ilijengwa na Ofisi ya Miji ya Kiafrika, iliyoundwa mwaka 1952. Huko mtu mweusi angeweza kusema kwamba nyumba ni yake hata kama kazi imekwisha.

Tofali la nyumba hizo, tangu enzi zile mpaka leo, mara nyingi ni la udongo wa kichuguu. Vichuguu vya Katanga ni virefu kupita mtu, na udongo wake umeshikamana barabara. Mafundi hukikata kichuguu kwa jembe, hulowesha udongo, huukandamiza kwenye kibao, hukausha matofali juani katika miezi ya kiangazi, kisha huyapanga yawe tanuru na kuyachoma kwa kuni usiku kucha. Pembezoni mwa jiji, katika komini (sehemu ya jiji yenye meya wake) ya Annexe, bado utakuta kichuguu kilicholiwa nusu, na pembeni yake nyumba iliyoanza kupanda.

Swali la pili aliloulizwa mtafuta nyumba, baada ya “unafanya kazi kwa nani?”, lilikuwa “unatoka wapi?” Mwishoni mwa mwaka 1957 komini za Waafrika zilipiga kura kwa mara ya kwanza, na mameya waliopatikana walikuwa hasa watu wenye asili ya nje ya Katanga. Hasira iliyozuka ilichangia kuzaliwa kwa chama cha CONAKAT, kilichojitangaza mtetezi wa wenyeji wa Katanga, mwaka 1958. Mwaka 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, kiongozi wa chama hicho, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba wa Kasai, walikimbia nyumba zao na kuishi katika kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, humohumo mjini. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa tena, hasa Likasi na Kolwezi. Mtu akiona leo mwenye nyumba akimuuliza mgeni jina la baba yake kabla ya kumwonyesha chumba, ajue swali hilo lina historia, na kwamba limewahi kuwatoa watu makwao.

Mji ulipata jina la Lubumbashi mwaka 1966. Union Minière ilitaifishwa siku ya kwanza ya mwaka 1967, na baadaye ikawa Gécamines, iliyorithi kambi pamoja na desturi zake. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali. Familia za Kikongo ziliingia katika nyumba za Wazungu. Kisha mambo yakaporomoka. Mgodi wa Gécamines wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, na mishahara ya Gécamines ikawa ya kungojwa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameeleza jinsi kuanguka kwa kampuni kulivyotikisa mamlaka ya baba ndani ya familia.

Kiwanja ndicho kilichowalisha wengi. Bustani ikawa nyumba ya nyongeza, gereji ikawa chumba, boyeri ikapata mpangaji. Kwa kuwa sarafu ya zaire ilikuwa ikiyeyuka kila wiki, wenye nyumba walianza kuhesabu kwa dola na kutaka malipo ya miezi mingi mbele. Malipo hayo, yaitwayo garanti, yalizoeleka hivyo, nayo yana siri yake. Mwenye nyumba hapewi mkopo wa benki. Anachukua garanti ya mpangaji, ananunua saruji na mabati, anamalizia chumba kinachofuata. Mpangaji akitaka kuondoka na kurudishiwa haki yake, fedha haipo; imo ukutani. Mara nyingi hungoja mpangaji mwingine alete garanti mpya ndipo alipwe. Ugomvi mwingi kati ya bayere (mwenye nyumba) na lokatere (mpangaji) unatokana na hesabu hii, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudhulumu.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilirudisha makampuni ya kigeni, na mitaa kama Golf ikajaa nyumba za wakuu wa migodi. Kwa mtu wa kipato cha kawaida kupata nyumba kukawa kugumu zaidi. Katika miaka ya karibuni treni na malori yameleta watu wengi kutoka Kasai, na vita vimewaleta wengine kutoka Kivu. Wote huangukia mikononi mwa komisionere, kijana mwenye simu mbili na daftari, anayejua ni kiwanja gani Kenya au Katuba kina chumba-salon (chumba na sebule) kilicho wazi. Hutaka malipo ya kuonyesha, na mara nyingi kodi ya mwezi mmoja mpango ukikamilika. Mpangaji mzoefu humuuliza mambo ya maana kwanza: umeme wa shirika la SNEL huwaka saa ngapi, mita moja inatumiwa na familia ngapi, maji ni ya shirika la REGIDESO au ya kisima, na mwenye nyumba anakaa kiwanja hichohicho?

Sheria ipo. Iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 2015 inahusu nyumba za kupanga zisizo za biashara. Inaweka kikomo cha garanti ya makazi kuwa kodi ya miezi 3, na inataka mzozo upelekwe kwanza kwenye huduma ya makazi ili kupatanishwa kabla ya kufika mahakamani. Bado kuna wenye nyumba wanaodai miezi 6 au zaidi, na wapangaji wanaolipa bila risiti wala mkataba wa maandishi, kwa hofu ya kukosa chumba. Watu wa jiji hili waliishi nusu karne chini ya paa la mwajiri. Wasiachwe waishi nusu nyingine chini ya sheria wasiyoisoma, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mameya wa komini zote 7 waibandike kwa Kiswahili mlangoni pa ofisi zao, na kila mpangaji adai mkataba na risiti kabla ya kutoa dola ya kwanza.