Masomo mseto: Kwa nini bando huisha kabla ya kipindi

Masomo mseto ni pale chuo kinapochanganya madarasa ya ana kwa ana na ya mtandaoni. Vyuo vingi Kenya viliingia huko ghafla, baada ya Corona kufunga kampasi Machi 2020.

Shida kubwa ni bando. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kula zaidi ya MB 500, na ukiwa kijijini hakuna Wi-Fi ya chuo. Mtandao ukikatika, unaweza kuandikwa hukuhudhuria, hata kama ulikuwepo dakika 40. Hapo comrade anaonewa tu.

Zima video, yako na ya wenzako, ubaki na sauti; bando litadumu zaidi. Na muulize mhadhiri mapema: kipindi kitarekodiwa? Rejista inachukuliwa vipi?