Kutoka Mvutano hadi Mpindo: Kiswahili Mbele ya Milinganyo ya Einstein

Utangulizi



Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akazama katika tope la kijito. Waliomwona wakasema idodomya, yaani amedidimia. Hiyo ni etimolojia ya mapokeo, nami naitumia leo kwa sababu ya picha iliyomo ndani yake: kitu kizito kinapokaa mahali, mahali penyewe pananyong'onyea na kubonyea. Tarehe 25 Novemba 1915, mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia mjini Berlin, Albert Einstein aliwasilisha milinganyo inayosema jambo linalofanana na hilo kuhusu ulimwengu mzima.

Mhadhara huu unauliza swali moja. Je, milinganyo hiyo inaweza kuelezwa kwa Kiswahili, na kama inaweza, ni nini kimetuzuia? Wapo wanaosema kwamba lugha yetu haifiki huko. Wapo pia wanaowajibu kwa kufungua orodha ya istilahi. Nitajaribu kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba historia ya jambo hili imepita karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Kivuli cha Mei 1919

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya kisiwa cha Principe na misitu ya Kongo, kikamalizia safari yake kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, jua likikaribia kutua. Huku uwanda wa kati jua lilipatwa kwa sehemu tu.

Wanafalaki wa Uingereza walikuwa wamejipanga katika vituo viwili, Sobral nchini Brazil na Principe, ambako Arthur Eddington alikuwapo mwenyewe. Walitaka kupiga picha za nyota zinazoonekana kandokando ya jua lililopatwa, ili wapime ni kiasi gani mwanga wake umepinda. Hesabu iliyojengwa juu ya kanuni za Newton ilitoa sekunde za pembe 0.87, milinganyo ya Einstein ilitoa 1.75. Sekunde moja ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi. Darubini ndogo ya Sobral ilitoa 1.98, na picha za Principe zikatoa 1.61. Darubini nyingine ya Sobral ilikaribia jibu la Newton, lakini picha zake zilikuwa na ukungu, na wapimaji hawakuzitegemea. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919, na upimaji wa miaka iliyofuata umeliunga mkono jibu la Einstein kwa usahihi mkubwa zaidi.

Kivuli kilipokuwa kinapita, Ugogo ulikuwa katika njaa ambayo wenyeji waliipa jina la Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya majeshi. Ukame ukamalizia kilichobaki. Siyataji haya ili kuilaumu sayansi. Nayataja kwa sababu historia ya nadharia hii husimuliwa kana kwamba kivuli kile kiliishia Principe. Hakikuishia pale. Kiliendelea mpaka juu ya watu waliokuwa na neno lao kwa tukio lile, kupatwa kwa jua, na ambao taarifa ya kipimo chake haikuandikwa kwa lugha yao.

Neno mvutano na mipaka yake

Tuanze na neno tulilo nalo. Mvutano linatokana na mzizi -vut-, pamoja na kiambishi cha kutendana -an-. Kwa hiyo mwanafunzi anayejua sarufi ya Kiswahili ameshafundishwa nusu ya fizikia ya Newton ya mwaka 1687 kabla hajaingia darasani: jiwe na dunia huvutana, wala si dunia peke yake inayovuta. Istilahi za lugha za Ulaya, zilizojengwa juu ya dhana ya uzito, hazina faida hiyo.

Hata hivyo, ubora wa neno hili kwa Newton ndio udhaifu wake kwa Einstein. Katika nadharia ya Einstein hakuna anayevuta wala anayevutwa. Chukua wasafiri wawili, mmoja aanzie Nanyuki nchini Kenya na mwingine Kayabwe nchini Uganda, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita. Wote waelekee kaskazini barabara, bila kupinda kulia wala kushoto. Mwanzoni njia zao ziko sambamba. Lakini kadiri wanavyoendelea watakaribiana, na wakifika Ncha ya Kaskazini watagongana. Mtu anayeamini kwamba dunia ni tambarare atasema wasafiri wale wanavutana. Anayejua kwamba dunia ni mviringo atasema kila mmoja alikwenda njia yake iliyonyooka, na ni umbo la uso wanaoukanyaga lililowakutanisha.

Ndivyo Einstein alivyosema kuhusu jiwe linaloanguka. Jiwe hufuata njia iliyonyooka kuliko zote katika anga-wakati iliyopindika. Neno linalohitajika hapa ni mpindo. Napendekeza mvutano libaki kwa Newton, na mpindo litumike kwa Einstein, ili mwanafunzi asidhani kwamba nadharia ya pili ni ya kwanza iliyoongezewa tarakimu.

Nimetumia anga-wakati. Ni neno ambatani ambalo halikosi kasoro, kwa kuwa anga huyaelekeza macho juu, hali jambo lenyewe limo hata ndani ya chumba hiki. Lakini Kiswahili kina mahali ambapo mambo haya mawili hukaa pamoja. Kiambishi -po- katika alipo huonyesha mahali. Katika alipofika huonyesha wakati. Tusikimbilie kusema kwamba wahenga walijua fizikia ya karne ya 20. Hawakuijua, na hawahitaji sifa ya kubandikwa. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayetaka kueleza kwamba mahali na wakati ni sehemu za kitu kimoja hatakuwa anaisulubu sarufi yetu.

Ngeli na tensa

Jina la nadharia yenyewe, uhusianifu, limejengwa vizuri: -husu, -husiana, -husianifu. Hata hivyo limewapotosha wengi, hapa kwetu kama ng'ambo, wakadhani Einstein alisema kila jambo hutegemea anayelitazama. Kiini cha nadharia ni kinyume cha hapo. Einstein alitafuta sheria ambazo umbo lake halibadiliki hata watazamaji wakibadilisha namna ya kupima.

Hisabati ya kazi hiyo ilikuwa tayari. Mwaka 1854 Bernhard Riemann alikuwa ameonyesha jinsi ya kupima mpindo wa uso kutoka ndani yake, bila kutoka nje kuutazama. Mwishoni mwa karne hiyo Gregorio Ricci-Curbastro, pamoja na mwanafunzi wake Tullio Levi-Civita, waliikuza kuwa hesabu ya tensa. Einstein aliifahamu kwa msaada wa rafiki yake Marcel Grossmann.

Tensa ni nini? Sisi wanaisimu tunayo njia ya kuikaribia. Tunasema: kitabu kizuri kimepotea. Tukigeuza umoja kuwa wingi, tunasema: vitabu vizuri vimepotea. Viambishi vyote vimebadilika, lakini vimebadilika pamoja na kwa kanuni, na uhusiano wa nomino, kivumishi na kitenzi umebaki uleule. Tensa nayo ni mkusanyiko wa namba ambazo, mpimaji akibadilisha mfumo wake wa vipimo, hubadilika zote pamoja kwa kanuni maalumu, na uhusiano uliomo ukabaki. Tofauti ni kwamba kanuni ya tensa ni ya kuzidisha na kujumlisha, wala si ya ngeli. Mlinganyo wenyewe, nikiacha kando kigezo ambacho Einstein alikiongeza mwaka 1917, huandikwa hivi:

Gμν = (8πG/c⁴) Tμν

Herufi ndogo zilizoning'inia chini ni viambishi vya upatanisho. Upande wa kushoto vipo viwili. Upande wa kulia lazima viwe viwili hivyohivyo. Kama vile kitabu vizuri umepotea si sentensi, mlinganyo ambao viambishi vyake havipatani si sheria ya maumbile.

Upande wa kushoto unataja mpindo wa anga-wakati; upande wa kulia unataja nishati, tungamo na mwendo wake. Kila kiambishi kinaweza kuchukua nafasi nne, tatu za mahali na moja ya wakati, hivyo tungetarajia milinganyo 16. Lakini kubadilishana nafasi kwa viambishi hakuleti jambo jipya, na kwa hiyo inabaki milinganyo 10. Namba iliyomo kwenye mabano, kwa vipimo vya mita, kilo na sekunde, ni ndogo mno: tarakimu ya kwanza isiyo sifuri hutokea katika nafasi ya 43 baada ya nukta. Ndiyo sababu vilima vya Dodoma havitupindii njia ya mwanga kwa kiasi tunachoweza kukiona, na ilibidi kungojea jua lipatwe.

Herufi U

Wakati mwingine Kiswahili kimeingia katika historia hii bila kualikwa na wanaisimu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku na mahali ikapewa jina la Uhuru. Uchunguzi wake wa Cygnus X-1 ulionyesha miali inayobadilika kwa kasi kubwa, dalili kwamba chanzo chake ni kidogo mno. Chanzo hicho kikawa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, kitu ambacho hesabu ya Karl Schwarzschild ya mwaka 1916, iliyotokana na milinganyo ya Einstein, ilikuwa imeelekeza njia ya kukifikia.

Orodha ya nne ya setilaiti hiyo ilitaja vyanzo 339, kila kimoja kikianza na alama 4U. Mpaka leo wanafalaki wa Japani, India na Chile huiandika herufi hiyo katika makala zao. Ni kiambishi chetu cha nomino dhahania, kimekaa katikati ya sayansi ya juu kabisa. Neno liliingia kwa sababu kazi ilifanyika na ilihitaji jina. Hilo ndilo funzo lake.

Istilahi bila matini

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Tanzania hufundisha hisabati kwa Kiswahili. Mimi ni zao la mfumo huo. Niliingia kidato cha kwanza nikijua mlinganyo, kipeo na pembetatu. Katika shule niliyosoma, mwalimu aliandika ubaoni mlinganyo rahisi kabisa, akautaja kwa Kiingereza, akaniuliza ni nini. Nilinyamaza. Akaandika katika daftari langu kwamba sijui hesabu. Nilikuwa naijua; sikuitambua kwa vazi lile. Sikurudi tena katika hisabati, nikaangukia isimu.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa hiyo hoja kwamba maneno hayapo imekosa msingi kwa zaidi ya miaka 30. Tunazo kani, nishati na tungamo.

Kinachokosekana ni matini. Nami nimo miongoni mwa watuhumiwa. Nimehudhuria vikao vingi vya istilahi, nimebishana juu ya viambishi mpaka usiku, na katika miaka hiyo yote sikuandika ukurasa mmoja wa fizikia uliozitumia istilahi hizo. Kamusi huhifadhi neno, lakini halikui humo. Hukua katika aya, katika swali la mtihani, katika ubishi wa wanafunzi wawili chini ya mti.

Hitimisho

Tangu mji huu uchaguliwe kuwa makao makuu mwaka 1973, na hasa Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, viwanja vingi vimepimwa. Siku hizi mpimaji hushika kipokezi cha GPS. Saa zilizo katika setilaiti zake huenda mbele ya saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama milinganyo ya Einstein inavyoeleza kwa kujumlisha athari za mpindo na za mwendo. Lau tofauti hiyo isingesahihishwa, kosa la umbali lingefikia zaidi ya kilometa 10 kwa siku moja. Nadharia hii basi imo katika mipaka ya mashamba yetu.

Nawaomba wanafunzi wa isimu watafute wenzao wa fizikia, waketi pamoja, waandike kurasa tatu za Kiswahili zinazoeleza kwa nini saa ile huenda mbele. Wasianze na orodha ya maneno. Waanze na jambo lenyewe, na pale neno litakapokosekana walitafute. Kurasa hizo zikipatikana, mtoto wa Kondoa au Mpwapwa anayeingia kidato cha kwanza atakuwa na mahali pa kuutambua mlinganyo anaoujua, hata ukija kwa vazi jingine.