Askari Mwenye Mkuki

Oktoba 1996, kampuni ya Kimarekani ya Wizards of the Coast ilitoa toleo jipya la mchezo wake wa kadi, Magic: The Gathering, na kuliita Mirage. Mchezo ulikuwa na miaka mitatu tu tangu Richard Garfield, mwanahisabati, aubuni. Mirage iliwapeleka wachezaji Jamuraa, bara la kubuni lenye nyika, vifaru, simba na fisi, na kwa msomaji wa Kiswahili kitu cha kwanza kinachogonga jicho ni majina. Yupo Shauku, mnyonya damu anayeruka. Yupo Zuberi, kiongozi wa viumbe wenye mwili wa simba na mabawa ya tai. Yupo Jabari. Zipo kadi zinazoanza na neno Mtenda. Na zipo kadi mbili zenye neno ambalo mtoto wa Iringa analijua kabla hajaanza shule: Burning Shield Askari, mwenye ngao inayowaka, na Searing Spear Askari, mwenye mkuki unaounguza.

Wachezaji hupenda kupanga viumbe wa aina moja kwa ubora, na wapanda farasi wa vita wa Mirage hupangwa kwa ujuzi wanaoshirikiana wengi wao: kupiga ubavuni. Kila kiumbe ana namba mbili, ya kwanza nguvu ya kupiga, ya pili uwezo wa kuhimili kipigo. Askari wote wawili ni mbili kwa mbili. Mpinzani asiye na ujuzi huo akijitokeza kuwazuia, namba zake zote mbili hupungua kwa moja kabla pigo halijatua. Kwa hiyo kiumbe mwingine wa mbili kwa mbili, ambaye kwa kawaida angekufa pamoja na askari, hufa peke yake. Askari wa mkuki ana nyongeza nyingine: ukimlipia, hazuiliki ila na viumbe wawili au zaidi, na wote wanaomzuia hupunguzwa vilevile.

Mimi ningeiweka kadi yake katika tatu bora za kundi hilo. Juu yake ningemweka Suq'Ata Lancer, aliyetoka mwaka 1997 katika toleo lililofuata, Visions. Gharama ni ileile na namba ni zilezile, ila yeye hashindi zamu nzima akisubiri: anashambulia siku hiyohiyo anapoingia uwanjani. Ningemweka pia Zhalfirin Commander, anayeweza kuwaongezea nguvu wapanda farasi wenzake. Askari wa mkuki ni wa tatu, na si nafasi ya aibu.

Lakini orodha ya namna hiyo hupima kadi kwa kadi. Mtu aliyesoma historia ya Nyanda za Juu Kusini atakwama kwenye jambo jingine: askari amepataje mkuki, farasi na ujuzi wa kupiga ubavuni?

Neno lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, na lilikuwepo pwani kabla Wajerumani hawajafika. Maana iliyolibeba hadi kwenye vitabu vya Ulaya, hata hivyo, ilitokana na jeshi moja. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alipotumwa kuzima vita vya Abushiri, aliajiri mamia ya Wasudani mjini Cairo, na wengine kusini, Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Hao ndio walioanzisha jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Silaha yao ilikuwa bunduki. Walitembea kwa miguu, kwa sababu katika sehemu kubwa ya nchi hii mbung'o hakumwacha farasi aishi.

Mwaka 1891 jeshi hilo lilipanda kuelekea Uhehe. Kiongozi wake alikuwa Emil von Zelewski, ambaye miaka mitatu kabla, akiwa Pangani, ubabe wake ulichangia kuwasha vita vya Abushiri. Msafara ulikuwa mrefu, mtu nyuma ya mtu, askari pamoja na wapagazi na mizinga. Tarehe 17 Agosti, pale Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo, wapiganaji wa Mkwawa walikuwa wamelala kwenye vichaka na mawe kando ya njia. Walitokea ubavuni. Bunduki inahitaji nafasi na muda. Mtu mwenye mkuki mfupi akishakufikia, hivyo vyote umevikosa. Kwa dakika chache Wazungu kumi walikuwa wamekufa, Zelewski akiwemo, pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi. Masimulizi ya Wahehe yanasema Zelewski aliuawa kwa mkuki na kijana mdogo.

Sasa irudie ile kadi. Mkuki ni wa Lugalo. Kupiga ubavuni ni kwa Lugalo. Hata ile kanuni ya kumpunguza adui kabla hajapiga inaeleza vizuri kilichompata mtu wa katikati ya msafara ule, aliyekuwa na bunduki bora na hakuwa na pa kuigeuzia. Ni jina tu ndilo la upande wa pili. Kadi imechukua mbinu ya waliowavizia askari na kumvisha askari.

Sidhani kama kuna hila ndani yake. Kwa mtunga mchezo aliyeko Marekani, askari lilikuwa neno la Kiafrika lenye mlio mzuri, linalomaanisha mpiganaji. Lakini ukichukua neno bila kuchukua ugomvi uliomo ndani yake, pande mbili zilizouana hugeuka mtu mmoja, na huyo mtu mmoja huitwa Mwafrika wa vita.

Ugomvi huo haukuwa mwepesi hata kwetu. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani chini ya gavana Friedrich von Schele waliivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa yenye kuta za mawe na udongo. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi alipojiua Julai 1898. Kichwa chake kilichukuliwa, kikaandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919 kuwa kirudishwe, na kikarudi Kalenga mwaka 1954. Hiyo ndiyo sehemu tunayofundishwa na tunayoipenda. Sehemu nyingine ni kwamba Merere wa Wasangu, ambao nchi yao leo imo katika Mkoa wa Mbeya, alikuwa upande wa Wajerumani. Alikuwa na sababu: Wahehe walikuwa wamewatoa watu wake Usangu. Na baada ya 1898 vijana wa Kihehe wenyewe walivaa sare. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, Wahehe walipigana upande wa serikali.

Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu askari hao, anaonyesha kwamba wengi waliingia jeshini wakitafuta heshima, mali, wake na watu wa kuwategemea. Walitaka kuwa wakubwa katika jamii zao. Kwa hiyo babu aliyechoma mkuki Lugalo na mjukuu aliyepiga saluti ya Kijerumani wanaweza kutoka ukoo mmoja, na ukoo huo haulazimiki kuchagua mmoja wa kumkumbuka. Huwezi kulifanya hilo kwa namba mbili kwenye pembe ya kadi.

Hata mawe yetu yanabishana. Katikati ya Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, ya shaba, iliyozinduliwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Mtu yule ana bunduki yenye singe. Lugalo nako kuna mnara, ambao Wajerumani waliujenga kwa ajili ya wafu wao, Wazungu. Aliyewashinda hakujengewa wake.

Kwa miaka mingi. Kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, ilikuwa imepewa jina la mahali huko Ethiopia ambapo jeshi la King's African Rifles lilipigana na Waitalia mwaka 1941. Hapo ndipo maasi ya wanajeshi yalipoanzia Januari 1964. Jeshi lile la kurithi likavunjwa, Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na kambi ya Colito ikaitwa Lugalo. Hospitali kuu ya jeshi inaitwa hivyo mpaka leo.

Ukilitazama vizuri, ni jambo la ajabu: askari wa taifa wanalala na kutibiwa chini ya jina la mahali ambapo askari walishindwa. Jina halikufuta upande wowote. Lilisema tu kwamba kuanzia sasa mwenye sare atajihesabu upande wa waliokuwa kichakani. Mchezo wa Kimarekani ulifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1996, bila kujua, kwa kumpa askari mkuki. Tofauti ni kwamba waliobadilisha jina la kambi walijua ni nani aliyekuwa ameushika mkuki ule mwanzo.