Mtihani wa Kiingereza ulitoka wapi?

Wandugu wanachama, kati ya vijana waliorudi Nyabiondo kutoka Uganda wako wenye kuchora vizuri: vibao vya maduka, mabango, hata alama za vyama. Wanatamani kusomea usanifu wa michoro ng'ambo. Wanatuuliza: Kiingereza tunakisema tangu kambini, mtihani tena wa nini? Tuangalie historia yake.

Mwaka 1913 Cambridge, Uingereza, ilianzisha mtihani kwa wageni waliotaka kufundisha Kiingereza. Walikuja watu 3 tu. Ulichukua saa 12 hivi, na ndani yake kulikuwa kutafsiri Kifaransa ao Kijerumani. Wote 3 walianguka.

Marekani ilianza TOEFL mwaka 1964, juu ya wanafunzi wengi wa nje walioomba vyuo vyake. Waingereza wakaleta ELTS mwaka 1980. Pale kila mtu alichagua karatasi ya fani yake: utabibu, ufundi, sayansi. Wachoraji hawakuwa na karatasi yao. IELTS ikachukua nafasi yake mwaka 1989, na tangu 1995 wanaoenda chuo wote wanapewa mtihani wa aina moja, mchoraji sawa na daktari. Kwa hiyo mkono mzuri hausaidii pale. Wanapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema.

Huku kwetu shule inafundisha kwa Kifaransa, na Diploma ya Serikali ni hivyo hivyo. Kiingereza cha kambini kiko mdomoni, hakiko kwenye karatasi. IELTS inapita dola 200, na matokeo yanahesabiwa miaka 2 tu. Mtihani wa Duolingo bei yake iko chini na unafanyiwa nyumbani, lakini unadai kompyuta, kamera na intaneti isiyokatika. Tena si kila chuo kinaukubali.

Basi, aliyesoma Uganda asitupe vyeti na ripoti za shule: vyuo vingine vinazipokea badala ya mtihani. Tuulize chuo kwanza, pesa itoke baadaye. Tusisahau pia Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, iliyoanza 1943, inayofundisha kwa Kifaransa.

Na ninyi wafadhili wetu, mkifikiria ada ya chuo, mkumbuke mtihani unatangulia. Kwa mtoto wa mkulima wa Masisi, dola 200 zinaweza kumfungia mlango kabla hajaonyesha hata mchoro mmoja.