Si kila hesabu ya tarakilishi ina kipimo cha muda

Wataalamu wa tarakilishi huyapanga matatizo kwa madaraja kulingana na muda, yaani idadi ya hatua, unaohitajika kuyatatua. Msingi wa mpangilio huo uliwekwa mwaka wa 1965 na Juris Hartmanis na Richard Stearns kutokana na utafiti walioufanya katika kampuni ya General Electric, Marekani. Walithibitisha kwamba mashine ikiongezewa muda wa kutosha, hutatua matatizo ambayo awali yaliishinda.

Kwa baadhi ya kazi, kipimo ni wazi. Kupanga majina 1,000 kialfabeti kwa kulinganisha kila jina na jingine huhitaji milinganisho 499,500. Mbinu ya kuigawa orodha, kisha kuunganisha mafungu yaliyokwisha kupangwa, haifikishi 10,000. Hakuna mbinu ya kulinganisha majina mawili mawili inayoweza kuhakikisha kuwa daima itatumia chini ya 8,500. Huo ndio ukingo.

Je, kila tatizo lina ukingo wake? La hasha. Mnamo 1967, Manuel Blum, mzaliwa wa Venezuela, alithibitisha kuwa yapo matatizo yasiyo na programu iliyo bora kuliko zote. Lete programu yoyote inayoyatatua, na ipo nyingine inayoipita kwa mbali: pale ya kwanza inapochukua hatua 1,048,576, ya pili huchukua zisizozidi 20. Hiyo nayo hupitwa na ya tatu, bila kikomo.

Hata hivyo, kasi hiyo hudhihirika katika maswali makubwa tu. Kila programu mpya huweza kuachwa nyuma katika maswali kadhaa ya mwanzo.

Kasoro nyingine iligunduliwa na Boris Trakhtenbrot wa Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1964, na pia Allan Borodin mwaka wa 1972. Ipo mipaka ya muda ambayo hata ikipanuliwa kupindukia, hakuna tatizo jipya hata moja linalotatulika. Hili halipingani na kauli ya mwaka wa 1965, ambayo huhusu mipaka ambayo mashine yenyewe inaweza kuipima ikiendelea na kazi. Hii ya Trakhtenbrot na Borodin haipimiki hivyo.

Matatizo ya Blum yalibuniwa kwa ajili ya uthibitisho, wala hayajitokezi katika shughuli za kila siku. Lakini yametufunza kwamba muda ni sifa ya programu kwanza. Si lazima uwe sifa ya tatizo lenyewe. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hizi hazina ukingo.